Kwa nini TACAIDS haiko Wizara ya Afya?

SWALI: Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya UKIMWI ya kijiji chetu. Dawa tunazifuata zahanati; kwa nini basi TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI, iko Ofisi ya Waziri Mkuu? – Msomaji, Njombe.

JIBU: Kwa sababu kazi ya Tume si kutibu. Sheria Na. 22 ya mwaka 2001 iliyoiunda iliipa jukumu la kuratibu sekta zote, na wizara moja haina ubavu wa kuitaka wizara nyingine itenge fungu la UKIMWI, ilhali Waziri Mkuu, ambaye ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali, anao. Dawa, vipimo na miongozo ya tiba vimebaki Wizara ya Afya.

Kamati yenu ni ngazi ya chini ya mfumo huohuo: juu yenu ipo ya kata, kisha ya halmashauri, ambayo kwa kawaida huongozwa na makamu mwenyekiti wa halmashauri, ambaye naye ni diwani. Hapo ndipo pa kubana, kwa maoni yangu, kwani mpango wa kijiji usipoingia katika bajeti ya halmashauri hubaki kwenye daftari la mtendaji.

Zanzibar, ambako afya si jambo la Muungano, ina Tume yake tangu mwaka 2002.