Kwa wanaoanza kazi ya kutunga kanuni za antibiotiki

Wewe uliyeingia karibuni katika kazi hii, nina hakika kifungu cha kwanza utakachotaka kuandika ni hiki: "Ni marufuku kuuza antibiotiki bila cheti cha daktari." Nami nilianza nacho. Nilipompelekea mkaguzi wa maduka ya dawa rasimu yangu, aliisoma mara mbili, akauliza, "Nikishafika dukani, nitafute karatasi gani?" Hakukuwa na karatasi. Hakuna mahali nilipomtaka muuzaji abaki na nakala ya cheti. Brazil iliweka sharti hilo mwaka 2010: nakala moja inabaki dukani. Katazo lisiloacha alama ya kukaguliwa halimzuii mtu. Na hata likikaguliwa, usilegeze kamba: Chile ilianza kulisimamia kwa dhati mwaka 1999, mauzo yakashuka, kisha miaka iliyofuata yakapanda tena.

Jiulize pia nani anapata riziki yake kwenye mauzo hayo. Denmark, katikati ya miaka ya 1990, ilibana faida ambayo madaktari wa mifugo waliipata kwa kuuza dawa walizoandika wenyewe, na matumizi yakapungua. Korea Kusini nayo mwaka 2000 ilitenganisha kazi ya kuandika dawa na kazi ya kuitoa. Mimi naamini vifungu vya namna hii vina nguvu kuliko faini.

Halafu kuna maneno. Hapa ndipo nakuomba utulie. Rasimu moja tuliyoiandaa ilikataza antibiotiki "kwa ajili ya kukuza mifugo." Mwenzetu, daktari wa mifugo, akalizungushia wino neno "kukuza", akasema: kesho mfugaji ataandika "kinga" kwenye fomu. Dawa ni ile ile, imechanganywa kwenye chakula kile kile, dozi ndogo ile ile kila siku, ambayo bakteria wanaizoea bila kufa. Moyo ulinishuka, maana alikuwa sahihi. Umoja wa Ulaya ulikataza antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia 2006, lakini ilibidi kusubiri hadi Januari 2022 ndipo kanuni mpya ilipoanza kukataza matumizi ya mazoea, na kinga ya antibiotiki ikabaki kwa mnyama mmoja mmoja, tena kwa nadra. Miaka 16 ya mwanya!

Kolistini inaonyesha gharama ya mianya hiyo. Ni antibiotiki ya akiba, ya mgonjwa ambaye nyingine zimeshindwa. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kutoka China jeni ya usugu dhidi yake inayoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. China iliiondoa kwenye vyakula vya kukuzia mifugo mwaka 2017, India ikafuata 2019.

Jambo la mwisho linaniuma kuliko yote. Kuna watu wanaokufa kwa kukosa antibiotiki ya kawaida kabisa, kwa sababu daktari yuko mbali. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa dawa hizi makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa karibu, na za akiba. Usiyafunge yote kwa kufuli moja. Chini ya kifungu chako cha cheti, taja mhudumu gani mwingine aliyefunzwa anaruhusiwa kutoa dawa za kundi la kwanza pale ambapo daktari hayupo.