Kifungo cha lulu kinachomshinda mama

SWALI: Mama ana ugonjwa wa viungo, na kifungo kidogo cha kidani chake cha lulu kinamshinda. Kinaweza kubadilishwa bila kutunga upya? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndiyo, ikiwa kila ncha ya uzi ina pete yake. Kama uzi umefungwa kwenye kifungo chenyewe, itabidi utungwe upya, mara hiyo moja tu. Mwambie sonara aweke pete zilizolehemiwa. Isiyolehemiwa ina mwanya, na uzi wa hariri huchomoka hapo au hukatwa.

Kisha nunua vifungo vyenye kikulabu pande zote mbili, uvibadilishe utakavyo. Cha sumaku ndicho rahisi kuliko vyote, ila kidani kizito kikinaswa na mtandio hufunguka, kwa hiyo tafuta chenye kufuli dogo la ziada. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivae sumaku kabisa. Huyo mpe cha kijiti kinachopitishwa ndani ya pete kubwa. Lulu za mwishoni zikiwa nene, kijiti hakigeuki ndani ya pete. Hapo ongeza mkufu wa sentimita 2 hivi kati ya lulu na kijiti.

Na kwa jasho la Dar, zifuteni lulu kwa kitambaa laini kila zikivuliwa.