Nilivyopanda Tena Ndege ya Kwenda Pemba

Mama alilazwa Chake Chake siku ya Jumatatu. Kusi lilikuwa limechafuka na boti haikutoka. Ndugu zangu wakanikatia tiketi ya ndege, nikafika uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, mzigo ukapimwa, abiria wakaitwa. Miguu haikwenda. Nilikaa nimeng'ang'ania kiti mpaka ndege ikaruka bila mimi, na mama akamaliza siku tatu wodini bila ya mwanawe mkubwa. Alipona, alhamdulillahi. Lakini sikuweza tena kujidanganya kwamba mimi "napenda tu boti".

Hofu ile ilianza zamani, katika ndege ndogo ya injini moja iliyotikisika sana tulipokuwa tunakaribia kushuka Pemba. Hakuna aliyeumia. Mimi ndiye niliyeshuka mwili ukinitetemeka, na tangu hapo nikawa mtu wa bandarini. Na bahari nayo tunaijua sisi Wapemba: usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ilizama mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, na msiba ule haujatutoka. Hata hivyo nilipanda boti na kuiogopa ndege. Hofu haipigi hesabu, ndiyo maana kunitajia hesabu za usalama wa ndege hakukunisaidia kitu.

Rafiki yangu muuguzi ndiye aliyenitajia tiba ya hipnosisi, yaani kutulizwa kwa maneno mpaka akili izame katika jambo moja. Nilishituka. Kwetu mtu akisikia kulazwa akili anafikiria kupungwa, au wale wa mazingaombwe wanaomfanya mtu awike kama jogoo mbele za watu. Nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu. Akaniuliza wanachosema, kama kuna kafara, kama kuna anayeitwa. Nikamwambia hakuna, ni maneno ya kutuliza tu. Akasema, "Basi hiyo ni dawa, mwanangu. Nenda."

Jina hilo la hipnosisi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Aliyelieneza ni James Braid, daktari mpasuaji Mskoti wa karne ya 19, na baadaye mwenyewe alitaka kulibadili kwa sababu aliona si usingizi. Kweli si usingizi. Nilisikia muadhini, nilisikia watoto nje, na ningetaka kuinuka ningeinuka. Ni kama pale unapozama katika kusuka ukili mpaka hujui saa imekwendaje.

Mtaalamu wangu ni mwanasaikolojia aliyeko Dar es Salaam, tukazungumza kwa simu ya video mara nne, wiki kwa wiki. Mara ya kwanza hakunilaza kabisa. Alinihoji: hofu inaanzia wapi mwilini, inaanza saa ngapi. Nikagundua kwamba yangu haianzi angani. Inaanza usiku wa kuamkia safari, tumboni, ninapofunga begi. Kujua hilo tu kulikuwa nusu ya kazi, kwani miaka yote nilikuwa nikipambana nayo ikiwa imeshakomaa.

Mara ya pili akanitaka nitazame nukta moja ukutani, nivute pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, kisha nifumbe macho. "Dada, nipeleke mahali ambapo mwili wako hauna wasiwasi." Nikampeleka kwa bibi, msimu wa karafuu, mikeka imetandazwa uani na harufu imejaa nyumba nzima. Nikiwa pale akaniambia nibane kidole gumba na cha shahada pamoja. Tulirudia mpaka vidole vikibanwa tu mabega yanashuka. Kisha ndani ya utulivu ule akaniendesha safari nzima, kutoka kufunga begi hadi magurudumu kugusa ardhi, na kila tumbo lilipokaza tulirudi uani kwa bibi. Alinirikodia sauti ya robo saa, niisikilize kila usiku. Usiku nilioacha kuisikiliza, tofauti niliiona asubuhi yake.

Sasa niseme ukweli ambao wanaouza tiba hii hawapendi kuusema. Hipnosisi peke yake isingenitosha. Tiba yenye ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hofu ya aina hii ni kuzoeshwa kidogo kidogo kile unachokiogopa, na mtaalamu wangu aliniambia hivyo mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda Kisauni bila tiketi, nikakaa nje nikitazama ndege zikiruka, vidole vimebanwa. Kisha nikaenda Dar, dakika ishirini hivi angani. Nililia nilipotua, kwa furaha.

Anayekuahidi utapona kwa kikao kimoja, muache. Muulize amesomea wapi na kazi yake ya kila siku ni ipi. Mwenye maradhi ya akili yanayomletea kuona au kusikia yasiyokuwapo, aanze kwa daktari wake. Na tafadhali usimeze vidonge vya usingizi vya jirani.

Pemba nilikwenda kwa ndege ya asubuhi, kabla ardhi haijapata moto. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya kisiwa huinuka, na ndege ikitoka baharini kuingia nchi kavu inagonga ile hewa kama ngalawa inavyogonga wimbi. Kumbe ndiyo iliyonitisha miaka ile! Nilikaa katikati, karibu na bawa, nikasoma dua ya safari, na pembeni mwa mtandio nilikuwa nimefunga punje tano za karafuu. Tulipoanza kushuka ikatikisika. Tumbo likakaza. Nikanusa, nikabana vidole, nikatoa pumzi ndefu. Hofu ilikuwapo, ila ilikaa kiti cha pembeni.

Mama alikuwa amekaa barazani. Akanitazama, akatazama saa. "Umekuja na nini wewe, mbona mapema?"

Nikamwambia, "Nimekuja na ndege, mama."