Ubatizo uendelee, na ukilia pale mbele ulie tu

Msomaji wa Mwanza kaniandikia, nafupisha: "Anti, mama alifariki mwezi wa kwanza nikiwa na mimba ya miezi sita. Binti yangu sasa ana miezi minne, tumempa jina la mama, anabatizwa Jumapili ijayo. Mama mkubwa kakataa keki na vigelegele mpaka mwaka uishe. Halafu Alhamisi nilienda wodini kugawa uji na akina mama wa kanisani, kazi ya mama hiyo, mgonjwa mmoja akauliza, yule mama wa uji anayetuongezea sukari yuko wapi? Nikacheka, hapohapo nikalia, nikakimbilia koridoni. Najiona mnafiki. Niahirishe ubatizo? Na wanataka nichukue uenyekiti wake."

Pole sana mwanangu, na hongera. Nakupa zote mbili kwa pamoja maana ndo zilivyokujia.

Usiahirishe. Na mnafiki sio wewe, mnafiki anaigiza, wewe kicheko kilikutoka kabla hujajijua na chozi hivyohivyo. Soma Ezra sura ya 3, Wayahudi wamerudi kutoka utumwani Babeli wanaweka upya msingi wa hekalu, huku watu wanashangilia, huku wazee waliowahi kuliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti, mpaka ikawa huwezi kujua ipi ni sauti ya furaha ipi ya kilio. Na hakuna palipoandikwa kwamba wazee walinyamazishwa.

Sasa mama mkubwa ndo hao wazee. Alikua na mama yako, wamelala kitanda kimoja, anaogopa mdogo wake asije akasahaulika kwa keki. Usibishane naye kwa mistari ya Biblia. Jumamosi nenda na mtoto, mpakatishe, muombe akusimulie mama yako alivyokuwa mdogo, ukae usikilize hata kama ni mpaka jioni, halafu muombe yeye ndo ambebe mtoto kuingia naye kanisani. Habari ya keki mwachie aamue.

Wapo watakaokwambia usilie, mama yuko mbinguni. Ni kweli, ila wanaisema kwa haraka mno. Yesu alijua kabisa anakwenda kumfufua Lazaro na bado alilia pale.

Uji endelea nao. Uenyekiti kataa kwanza, kwa heshima, waambie mwakani tutaongea. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilijitwika kila kitu, kwaya, kamati ya ujenzi, kutembelea wajane, watu wakanisifu nina imani kubwa kumbe nilikuwa naogopa kurudi nyumbani nikakuta viatu vyake mlangoni. Nilikuja kulia mwaka wa pili, nimekaa chini sakafuni na kiatu kimoja mkononi. Huduma ni nzuri mwanangu, naipenda mpaka leo, ila usiifanye kichaka cha kujifichia.

Alhamisi mrudie yule mgonjwa, ulimwacha na swali lake. Muulize nesi kama sukari anaruhusiwa, mmiminie kikombe, kaa pembeni ya kitanda umwambie taratibu kwamba mama wa uji ametutoka. Akilia lia naye. Kisha mwambie mjukuu yupo, ana miezi minne, na jina ni lilelile.