Je, dopamini "hubeba" ujumbe?

SWALI: Nafundisha Baiolojia sekondari, na wanafunzi wakikwama huniomba niwaeleze kwa Kiswahili. Juzi niliandika ubaoni: "Dopamini ni homoni ya furaha inayobeba ujumbe kwenye mishipa ya ubongo." Mwenzangu akasema sentensi hiyo haijakaa sawa. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwalimu, sarufi yako ni safi. Shida iko kwenye uteuzi wa maneno, hasa hilo "kubeba".

Anayebeba ana mzigo, iwe begani, kichwani au mgongoni. Dopamini haina mzigo wowote. Umeme ukifika kwenye ncha ya seli ya neva, kalsiamu huingia, vifuko vidogo vikafunguka na kumwaga dopamini kwenye mwanya wa takriban nanomita 20 ulio kati ya seli hiyo na seli inayofuata. Ng'ambo ya mwanya, juu ya seli ya pili, kuna vipokezi, yaani protini zinazoipokea dopamini. Dopamini ikishagusa kipokezi huachia, kisha hufyonzwa irudi ilikotoka au huvunjwa na vimeng'enya. Hakuna barua iliyokabidhiwa hapo. Dopamini imebisha hodi tu, na jibu hutegemea mwenye nyumba: kipokezi cha aina moja huchangamsha seli, cha aina nyingine huituliza, na hodi ni ileile.

Kwa hiyo napendelea "ishara" kuliko "ujumbe", na "kupitisha" kuliko "kubeba". Dopamini, serotonini na noradrenalini, zote za jamii ya kemikali iitwayo monoamini, ni vipitisha ishara. Ukitaka kitenzi kitamu zaidi, tumia "kupokezana", lakini wape seli zenyewe: seli za neva hupokezana ishara kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti.

Ukitaja "mishipa ya ubongo", wengi watafikiria damu na kiharusi. "Mishipa ya fahamu" ni Kiswahili kizuri cha siku zote, ila neno mshipa humfanya mwanafunzi aone bomba lisilokatika, na somo lako lote liko kwenye ule mwanya. Andika "neva".

"Homoni ya furaha" nayo iache. Homoni husafiri kwenye damu. Hapa dopamini inavuka mwanya tu. Na hiyo furaha inaficha kazi kubwa. Mwaka 1957, mwanasayansi Arvid Carlsson na wenzake nchini Uswidi waliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza akiba ya dopamini ubongoni, na sungura hao wakalegea wasiweze kusogea. Walipodungwa L-dopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaanza tena kujongea. Mgonjwa wa Parkinson anayetetemeka na kukakamaa amepungukiwa na dopamini hiyohiyo, kwa sababu seli nyingi zinazoitengeneza zimekufa. Mwanafunzi mwenye babu wa namna hiyo nyumbani atashangaa kuambiwa ni kemikali ya furaha.

Kuhusu ngeli, dopamini iko I-ZI: dopamini imemwagwa, dopamini inafyonzwa. Hata ukiifananisha na mjumbe, usiseme "dopamini amefika".

Ningekuwa mimi, ubaoni ningeandika: "Dopamini ni kipitisha ishara; humwagwa na seli moja ya neva, ikavuka mwanya na kugusa vipokezi vya seli nyingine."