Shule ya mwanao ikigombaniwa jina

Wazazi wenzangu mliohamia huku Marekani, nawajua. Ikija barua ya shule kwamba kuna mjadala wa kubadilisha jina, mnaiweka kando na kusema, "Haya ni ya wenyewe." Mimi naishi Fairfax, Virginia, vitongojini mwa Washington, ambako mvutano huu umeshazikumba shule kadhaa. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze kwa kuuliza mtu ambaye shule ina jina lake alikuwa nani. Uliza jina lake lilibandikwa pale mwaka gani.

Chukua sekondari iliyokuwa ikiitwa J.E.B. Stuart, karibu na Falls Church. Stuart alikuwa jenerali wa wapanda farasi katika jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga kwa ajili ya utumwa, akafa 1864 kwa jeraha la vita. Ukiishia hapo, mtakesha mkibishana na jirani anayekwambia historia isifutwe. Lakini shule ilifunguliwa 1959, miaka 95 baada ya mtu huyo kufa! Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikuwa imepiga marufuku kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma, na watawala wa Virginia wakagoma kutii. Mwaka 1958 walifika mahali pa kufunga shule kule Norfolk, Charlottesville na Front Royal, ilimradi mtoto mweusi asiingie darasani na wazungu. Mwaka huohuo, Springfield, kaunti hii hii ya Fairfax, ilifunguliwa sekondari yenye jina la Robert E. Lee, jenerali mwingine wa jeshi lilelile la Kusini. Sasa niambie kama hiyo ni kumbukumbu ya historia au ni ujumbe.

Nimewaeleza majirani miaka hiyo kwa mfuatano wake, na mara nyingi sauti hushuka, hata kwa asiyekubali. Ila wahitimu wa zamani waendee taratibu. Wengi wao hawaitetei vita. Wanatetea timu yao, pete ya kuhitimu, mchumba waliyempata pale. Ukimwita mbaguzi mama wa miaka 70 kwa sababu ya pete, umeshampoteza, na watoto wake pia.

Kisha litakuja suala la pesa: jezi, vibao, sare za bendi. Kwa Stuart, wapo waliotaka libaki "Stuart" tupu ili kupunguza gharama. Bodi ya shule ilipiga kura 2017 jina libadilishwe, likachaguliwa Justice (yaani haki, na pia ni cheo cha jaji), likaanza kutumika 2018. Kati ya watu watatu wanaoenziwa na jina hilo yumo Barbara Johns, aliyeongoza mgomo wa wanafunzi weusi kupinga hali mbovu ya shule yao huko Farmville, Virginia, mwaka 1951 akiwa na miaka 16. Kwa shule ya vijana, huyo mimi ningemtanguliza mbele ya majaji wote.

Wajanja zaidi, kwa maoni yangu, ni waliotafuta jina linaloacha kitu mkononi mwa watu. Sekondari ya Washington-Lee ya Arlington ikawa Washington-Liberty (liberty ni uhuru) mwaka 2019, na herufi W-L zikabaki. Sekondari nyingine ilikuwa na jina la W.T. Woodson, mkuu wa elimu wa Fairfax aliyepinga kuchanganya watoto; kwa kura ya bodi ya 2023 likapisha jina la Carter G. Woodson, mwanahistoria mweusi. Watu wakaendelea kusema Woodson kama kawaida. Basi usiende mkutanoni na "hatulitaki" peke yake. Nenda na jina mbadala.

Kuhusu mkutano wenyewe: bodi huchaguliwa na raia, lakini mzazi asiye raia naye hupewa nafasi ya kusema. Jiandikishe mapema, maana nafasi hujaa. Dakika ni chache mno, kwa hiyo andika unachotaka kusema na ukisome. Zile salamu zetu ndefu ziache nyumbani. Na kama kijana wako yuko tayari, mwandikishe yeye badala yako. Wajumbe wa bodi wamechoka kutusikia sisi watu wazima, na jina likibadilika, cheti kitakuwa chake.