Kwako uliyechaguliwa kuongoza chama cha watu wa data za afya huku Kusini

Hongera, na pole. Juzi umepigiwa makofi, umepigwa picha na shada la maua ya plastiki, na sasa simu haipumziki. Kiti hicho nimekikalia miaka sita, nikiwa na wenzetu wa Mtwara na Lindi: maofisa TEHAMA wa hospitali, waratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) wa halmashauri, watunza kumbukumbu, na wale wauguzi wa zahanati wanaojaza vitabu usiku baada ya kutoka kuzalisha. Nakuandikia niliyoyaona. Mengine niliyajua baada ya kuungua.

Mwaka wa kwanza niliamini chama ni semina. Tulipata mradi mmoja ukatulipia ukumbi na posho, watu wakajaa hadi mlangoni. Mradi ukaisha. Kikao kilichofuata tulikuwa saba, na wawili kati yetu walikuja kuulizia posho ya safari iliyopita. Nikalalamika wee, oh watu wa siku hizi hawana moyo. Baadaye nilijiuliza: mtu atoke Liwale na barabara ile, alale njiani, aje kusikiliza mada ambayo angeweza kutumiwa kwenye simu? Mimi mwenyewe nisingekuja.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa zahanati ya kule Newala. Wakati wa chai alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka miwili, ugonjwa ambao hakuuona mwezi huo alikuwa anauachia nafasi wazi kwenye fomu. Hakuwa anaandika sifuri. Ukishaizoea DHIS2, ule mfumo wa kompyuta tunaoingizia ripoti za mwezi, unajua maana yake: sifuri inasema hakuna mgonjwa, nafasi wazi inasema sijaleta taarifa. Mratibu alikuwa anamwandama kila mwezi kwamba ripoti yake haijakamilika, naye akaona anaonewa. Mbona hukuuliza, dada? Akacheka. Nimuulize nani, kaka, yule anayenijazia tathmini ya kazi?

Nilimwomba ruhusa nilisimulie jambo lake bila jina. Sijamaliza, mikono minne iko juu: na mimi, na mimi. Mwingine akaleta la kwake: waliokutwa na malaria kwa kipimo wamezidi waliopimwa, kumbe tali (alama za kuhesabia) za watoto wa chini ya miaka mitano amezijumlisha mara mbili. Siku hiyo hakuna aliyeulizia posho mpaka jua linazama.

Tangu hapo kila kikao chetu kilianza na saa moja ya makosa. Mwenyekiti ndiye anayefungua, tena kwa kosa la kwake lenye aibu ya kweli, siyo vile vijikosa vya kujisifia. La kwangu lilikuwa hili: nikiwa ofisa TEHAMA wa hospitali moja, nakala za akiba nilikuwa naziweka kwenye diski iliyokaa juu ya seva ileile, kompyuta kuu yenye taarifa zote. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, vyote viwili vikafa. Wiki tatu tulikesha tukiingiza upya taarifa kutoka kwenye mafaili ya karatasi, na wahasibu hawanisalimii. Nilipolisimulia, wiki hiyohiyo wenzetu watatu walinipigia wakitaka kujua jinsi ya kuhamishia nakala zao jengo jingine.

Saa hiyo ilinde. Mganga mkuu akitaka kuhudhuria, mheshimu, mkaribishe, lakini mpange aje chakula cha mchana. Nililaumiwa kwa hili, nikaitwa mwenye dharau. Ila mkubwa akishakaa mbele, yule dada wa Newala hafungui mdomo, na wewe umebaki na semina.

Linda na kundi la WhatsApp. Mtu anakwama kwenye GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea hospitali za serikali, anapiga picha skrini, anatuma kuomba msaada, na pale juu yapo jina la mgonjwa, umri na kipimo cha VVU. Hana nia mbaya, ana haraka. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazoitwa nyeti. Sisi tuliweka sharti: funika jina kwanza, ndipo utume, ukisahau, yeyote anakuambia ufute, awe mdogo wako au mkubwa wako. Na futa kweli. Mimi nimefutishwa mara mbili, na mara moja na kijana wa mafunzo ya vitendo. Nilinuna kidogo, nikafuta.

Kuhusu kalenda, usiige ratiba za Dar. Wiki ya kwanza ya mwezi watu wako kwenye kufunga ripoti, hata ukiwapigia hawapokei. Oktoba na Novemba ni korosho. Muuguzi naye ana shamba, na mnada ukitangazwa utakaa na viti. Mwezi wa Ramadhani fanya kikao asubuhi na kiwe kifupi. Mahali nako kuna siasa. Watu wa Mtwara mjini wanataka Mtwara, wa Lindi wanataka Lindi, na wote wanasahau kwamba mtu wa Nachingwea au Masasi anashukia Mnazi Mmoja pale Mingoyo, njia panda. Tulipohamishia kikao pale, kwenye chumba cha kukodi chenye feni moja, mahudhurio yalipanda.

Pesa: kamwe zisipite kwenye simu yako. Mimi nilipokea ada kwa namba yangu, zikachanganyika na pesa za karo na za vocha, nikakaa wiki nzima na karatasi nikitafuta shilingi za watu. Sikula hata senti, lakini nilihangaika kama mwizi. Fungua akaunti yenye watia saini watatu. Benki watakuuliza usajili, kwa hiyo lianze hilo: chama kama chetu kinasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na katiba mkononi. Utazungushwa, utazoea.

Watakuja vijana wa kompyuta wakuambie wauguzi na watunza kumbukumbu watoke, chama kibaki cha wataalamu. Wasikilize, kisha kataa. HIMSS, chama kikubwa cha fani hii, kilianzishwa Marekani mwaka 1961, na waanzilishi wake walikuwa watu wa kupanga mifumo ya uendeshaji wa hospitali, enzi hizo kompyuta zenyewe za kutafuta. Huku kwetu data inazaliwa kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, cha wagonjwa wa nje, kwa kalamu ya mtu ambaye huenda hajawahi kuiona seva. Ukimfukuza huyo utabaki unasafisha maji mtoni wakati chemchemi imejaa matope.

Mei 2024 ndiyo ilinionyesha tumejenga nini. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Somanga. Tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kubahatisha nchi nzima, tena wakati wa ripoti za Aprili. Hakuna aliyetoa agizo. Wenye vifurushi vilivyokuwa vinashika kidogo waliwapokelea wenzao takwimu kwa simu ya kawaida, kisanduku kimoja kimoja cha fomu, mmoja anasoma mwingine anarudia, kisha wanaziingiza usiku mtandao ukitulia. Yule dada wa Newala alisomewa za zahanati tatu. Kila penye nafasi wazi alikuwa anauliza: hapo ni sifuri, au hujahesabu?

Daftari la mihutasari liko kwa katibu, kurasa za mwanzo zimelowa ila zinasomeka. Kikao chako cha kwanza ni Jumamosi ya tatu. Wa Liwale mpigie Alhamisi, maana anaanza safari Ijumaa, na umwambie aje na makoti, siku hizi feni ya pale imetengenezwa.